Miti ya Mjane

Vale da Moita, 30 Agosti 2022

Kwa Bwana Germano Taveira,
Zimamoto wa Kujitolea, Vilarinho do Outeiro

Mpendwa Bwana Germano,

Hunijui kwa jina. Mimi ndiye msichana aliyekuletea kahawa asubuhi ile, akaiweka chini karibu na kofia yako na kuondoka bila kusema neno. Ulisema, "Asante, binti, hapa huduma ni nzuri kuliko hotelini." Nilitaka kujibu kitu cha maana, lakini nilipolipata jibu gari lenu lilikuwa limeshafika kwenye lami. Hivyo ndivyo nilivyo. Mwalimu wangu wa lugha husema nina maneno mengi mno kwenye karatasi na machache mno mdomoni. Jina lako nililisoma kwenye koti, na jina la mji wenu ubavuni mwa gari.

Nakuandikia kukushukuru kwa ajili ya nyumba yetu.

Siku ile ya moto sisi tulikuwa tumehamishiwa kwenye ukumbi wa parokia. Baba peke yake ndiye aliyekataa kuondoka. Kutoka ukumbini tuliuona moshi ukishuka mlimani juu ya paa letu, na mama mmoja akasema polepole, "Basi, nyumba ya Abílio imekwenda," bila kujua kwamba nimesimama nyuma yake. Nikaanza kuvipanga vitabu vyangu kichwani, nikichagua nitakavyovililia kwanza. Naona aibu kwamba nilianza na vitabu, nikamkumbuka Baba baadaye.

Tuliporudi, moto ulikuwa umeishia kwenye kiwanja cha mawe cha kupuria ngano. Upande mmoja nyasi zilikuwa bado zimesimama, upande wa pili ni majivu mpaka chini bondeni. Baba anasema upepo uligeuka dakika za mwisho ukaushusha moto kwenye mialoni. Kijiji kizima kinasema hivyo, hata padre amelitaja kanisani. Nanyi mlikuwa mmelala juu ya mawe, nyuso nyeusi, na kuku wetu mwekundu amekaa juu ya buti lako. Kuku yule hamkaribii mtu yeyote, hata mimi ninayemlisha.

Novemba, kwenye sikukuu ya Mtakatifu Martino, kijiji kitawaalika. Baba ndiye anayeandaa. Nitajaribu kusema asante kwa mdomo. Nikishindwa, naomba barua hii ihesabiwe.

Wako mwenye shukrani,
Benedita Raposo


Tavira, 9 Septemba 2022

Dita mwanangu,

Dada yangu Ermelinda amenipa chumba chenye dirisha linalotazama ukuta. Anaomba radhi kila siku kwa ajili ya ukuta huo. Nimemwambia ndicho nilichokitaka. Kule nyumbani kila nikiosha vyombo naliona bonde, na siwezi kuosha vyombo nimefumba macho.

Mwezi wa saba tu niliwaita wachuna magome. Unajua mwenyewe, ulikuja na mfuko wako wa vitabu ukakaa kisimani. Miaka tisa nilikuwa nimengoja gome la kutengenezea vizibo likomae, kama tulivyokuwa tukingoja kila mara mimi na marehemu Firmino. Walipomaliza nilizunguka na kopo la rangi nyeupe nikaandika 2 kwenye kila shina, tarakimu ya mwisho ya mwaka huu, ili atakayekuja kuchuna tena asikosee. Nilicheka peke yangu, nikasema safari ijayo nitakuja kuchuna na mkongojo.

Mwaloni wenye gome lake hupita ndani ya moto ukatoka mweusi lakini hai. Mwaloni uliochunwa ni mtu aliyevuliwa nguo. Ningesubiri mwaka mmoja tu. Niliivua mwenyewe kisha nikaiacha pale. Ermelinda ananiambia, "Wewe, acha kusema hivyo, unajichimba." Nasema tu. Nikiamka nasema, nikilala nasema.

Sina wa kumlaumu mwingine. Upepo ni upepo. Baba yako alikuja ukumbini kuniambia mwenyewe kabla sijasikia kwa watu. Alinishika mikono akalia. Abílio, ambaye hakulia hata siku tulipomzika mama yako. Amesema ataikata miti iliyokufa na kuitoa bondeni kwa mikono yake, nisihangaike. Mwambie kila nikisali namtaja.

Yule mtu wa mikaratusi, anayenunua ardhi apande miti yake, ameuliza tena kama nitauza bonde na nyumba. Safari hii sikumfukuza. Nitaamua baada ya sikukuu.

Nenda ukautazame mwaloni wako, ule ulioinama kisimani, niliokupa ulipobatizwa. Niambie ukweli kuhusu huo. Usinihurumie.

Mama yako wa ubatizo,
Zulmira


Vilarinho do Outeiro, 17 Septemba 2022

Binti Benedita,

Barua yako tumeibandika kituoni, chini ya ratiba ya kuosha magari. Ratiba hiyo hakuna aliyewahi kuisoma, kwa hiyo angalau sasa ukuta ule unatazamwa. Nélia, dereva wetu, ameisoma mara mbili na kusema moshi umemwingia machoni. Tulikuwa ndani, na hakukuwa na moshi.

Mimi kazi yangu ni mkate. Alfajiri napita na gari nikining'iniza mfuko wa mkate kwenye kila mlango, halafu nikiitwa naenda motoni. Kwenye mkate hakuna anayenishukuru, kwa hiyo usinizoeshe.

Sasa kuhusu huo upepo. Baba yako ni mnyenyekevu kupita kiasi. Upepo haukugeuka, binti. Ungegeuka mimi ningelala mapema. Moto ulikuwa unakuja moja kwa moja kwenu na maji tuliyobaki nayo yalitosha kunawa. Kilichobaki ni kuwasha moto wetu wenyewe mbele yake, uende ukakutane nao, ili ukifika usikute cha kula. Mkuu alitoa ruhusa kwa redio, kwa sharti moja: kama mwenye ardhi anapatikana, aulizwe.

Palikuwa na njia mbili za kuanzia, ya juu kwenye miti ya medronho, ile ya matunda ya kupikia pombe, na ya chini kwenye mialoni iliyochunwa. Mimi niliitaka ya juu. Ilikuwa fupi, na tungekuwa na lami mgongoni. Nikamwuliza baba yako ardhi ni ya nani. Akasema medronho ni ya mjane mmoja, mama wa makamo asiye na kingine duniani, na mialoni ni yake yeye. Akavua kofia, akasema, "Choma yangu."

Miaka mingi nimekwenda kwenye moto, na watu wameniambia choma ya jirani, choma ya serikali, choma ya shemeji. Hajawahi mtu kuniambia choma yangu. Tuliporudi niliwasimulia vijana wapya wote hapa. Msalimie sana. Na yule mjane, je, medronho yake inazaa vizuri mwaka huu?

Germano Taveira


Vale da Moita, 24 Septemba 2022

Mpendwa Mama Zulmira,

Nimeenda kuutazama. Umekuwa mweusi mpaka kwenye matawi ya juu, na majani yote yameanguka. Ile 2 uliyoiandika bado inasomeka, ila rangi imegeuka kahawia kama chai. Uliniambia nisikuhurumie. Nimegusa shina nikapata masizi mkononi, na shuleni nimeonekana mchafu siku nzima kwa kuwa sikutaka kunawa.

Baba hajambo. Medronho imeanza kuwa nyekundu, anapanda kuitazama kila jioni. Shule imefungua. Wamebadilisha saa za basi.

Mama, nakuomba jambo moja. Usiseme tena kwamba uliivua miti ukaiacha. Tafadhali. Usiku usiseme na asubuhi usiseme. Siwezi kueleza kwa nini nakuomba, nakuomba tu. Na bonde usiuze bado.

Wako,
Dita


Vale da Moita, 25 Septemba 2022

Bwana Germano,

Asante kwa barua yako. Samahani kwa maswali haya, sina nia ya kukukosea adabu.

Una hakika ni Baba aliyesema hayo kuhusu ardhi? Hakuna mtu mwingine aliyekuwepo? Alionyesha kwa mkono ipi ni ipi? Kulikuwa na kelele za moto na injini, labda alisema kinyume chake nawe ukasikia hivyo. Naomba ukumbuke vizuri kadiri unavyoweza. Hata kama ni jambo dogo.

Benedita


Vilarinho do Outeiro, 3 Oktoba 2022

Binti Benedita,

Unauliza kama wakili, na mimi nilidhani unasomea ushairi. Sawa. Nimemwita Nélia tukae tukumbuke pamoja, maana yeye alikuwa ubavuni mwangu.

Kelele zilikuwepo, lakini alisema mara mbili, na alionyesha kwa fimbo. Mara ya kwanza ni kama nilivyokuandikia. Kisha Nélia akamwambia, "Mzee, hii ya juu ni rahisi zaidi, tuwashe hapa tumalize." Baba yako akamgeukia, akasema, "Dada, humo mna chakula cha mama mjane. Kesho utamtazama usoni?" Nélia anasema mpaka leo akikumbuka maneno yale anasisimka. Halafu baba yako akavua kofia. Ilikuwa kofia ya majani, imeungua ukingoni.

Hiyo ndiyo yote. Kwa nini unauliza? Kuna mtu anamsumbua mzee? Kama kuna watu wa bima au wa wilaya wanaomkana, niambie, tutakuja kutoa ushahidi sote watano.

Mwaliko wenu umefika, una saini yake. Jumamosi tarehe kumi na mbili Novemba, kastanya za kuchoma, na amesema atatutolea chupa za pombe ya medronho. Nadhani ni zawadi ya yule mama. Nataka nimshike mkono.

Germano


Vale da Moita, 9 Oktoba 2022

Bwana Germano,

Hakuna anayemsumbua Baba. Kila mtu anampenda.

Miti ya medronho ni yetu. Babu aliipanda, na Baba kila majira ya baridi huyapika matunda yake kwenye mtungi wa shaba ulioko ghalani. Pombe mtakayokunywa Novemba imetoka humo. Mialoni ilikuwa ya Zulmira Guerreiro. Yeye ndiye mjane. Ni mama yangu wa ubatizo, ndiye aliyenifundisha kusoma baada ya Mama kufariki, mezani kwake, kwa magazeti ya zamani ya mumewe. Wakati Baba anakuonyesha kwa fimbo, yeye alikuwa ukumbini, viti viwili kutoka kwangu, simu mkononi, akiuliza kila anayeingia kama nyumba yetu imesalimika. Nyumba yetu. Ya kwake hakuiuliza.

Nimesoma barua zako mpaka nimezijua kwa moyo. Ningeweza kuelewa kama Baba angesema hajui ni ya nani. Ningeweza hata kuelewa kama angesema choma ya jirani, kama wale wengine. Lakini alichukua ujane wa Mama Zulmira na umaskini wake akaivika miti yetu. Kisha akaenda ukumbini akamshika mikono akalia. Sasa yeye anajilaumu yeye mwenyewe kwa kuichuna, na anamwombea Baba kila siku, na anataka kuuza kila kitu aondoke.

Juzi nilikwenda mpaka mlangoni mwa ghala nimwambie Baba kwamba najua. Alikuwa anasugua mtungi. Akasema, "Vipi, panya wa vitabu, umepotea?" kwa sauti ile ile ya siku zote. Nikasema natafuta kamba. Akanipa kamba. Ninayo hapa mezani.

Bwana Germano, naomba unisemee. Wewe ulikuwepo, nawe watakuamini. Mimi nikifungua mdomo mbele ya watu hakitoki kitu. Au kama huwezi, basi usije.

Benedita


Tavira, 22 Oktoba 2022

Dita,

Barua yako ilikuwa fupi kama risiti. Basi la shule, medronho, masizi. Una nini? Kama ni kijana, niambie, nilishawahi kuwa na miaka kumi na sita ijapokuwa Ermelinda anakana.

Nimeamua nitakuja kwenye sikukuu. Baba yako amepiga simu mara tatu. Amesema nitakaa kulia kwake, na kwamba bila mimi meza haitakuwa meza. Nitaoka keki ya lozi kwa ajili ya wale wazimamoto. Nilikaa nikafikiri: wao waliacha nyumba zao kule kaskazini wakaja kulala juu ya mawe yetu, nami nijifungie Tavira nikitazama ukuta kwa kuwa upepo haukunipendelea? Hapana. Nitawashukuru kama kila mtu. Waliiokoa nyumba unayolala wewe, na hilo kwangu ni zaidi ya mialoni. Nilimwambia Mungu hivyo siku ile ukumbini, kwamba kama lazima achukue, achukue bondeni. Labda alinisikia. Hilo sikuwahi kumwambia mtu.

Kisha Jumatatu nitaonana na mtu wa mikaratusi.

Niandalie blanketi, nyumba yangu itakuwa baridi.

Zulmira


Jikoni, Jumatatu, 14 Novemba

Benedita,

Nimekwenda Loulé, nitarudi jioni. Supu iko kwenye sufuria, ipashe.

Naandika kwa kuwa naona hii ndiyo njia unayoielewa.

Tangu juzi hakuna anayenisalimu, na hiyo ni haki yao. Ila wewe nataka ujue nilichofikiri. Nilifikiri: Zulmira ameshavuna. Gome lake limeshapakiwa lorini, na lingine ni mpaka miaka tisa. Sisi bado hatujavuna. Medronho ikiungua hakuna mtungi, hakuna chuo, na wewe si mtu wa kuwekwa dukani. Nilipata muda wa kufikiri hilo moja tu. Maneno ya mjane yalitoka yenyewe. Sijui yalitoka wapi. Yule dada wa zimamoto alinitazama kama mtu mwema, na nikaendelea.

Baadaye nilikuwa na muda mwingi wa kumwambia Zulmira, sikumwambia. Hilo ni langu, sitalibishia. Machozi yalikuwa ya kweli, uamini usiamini.

Lakini wewe ulijua tangu Septemba. Ulikula mezani kwangu, ukaniomba kamba, ukaenda ukamwandikia mgawa mkate wa kaskazini; barua zake nimeziona. Mimi nilikuwa ng'ambo ya ukuta, Benedita. Ukikohoa nakusikia.

Baba


Vilarinho do Outeiro, 19 Novemba 2022

Binti Benedita,

Sijalala vizuri tangu tuondoke kwenu, kwa hiyo naandika kabla ya kwenda kugawa mkate.

Nilikuja na mpango. Nilitaka nimvute baba yako kando, nimwambie, "Mzee, mwambie mwenyewe, leo, kabla hatujaondoka." Nilimtafutia nafasi mchana kutwa. Kila nikimsogelea ananijazia glasi. Nadhani alikwishajua kwa namna nilivyokuwa nakunywa.

Halafu akasimama mezani akasema, "Tunywe kwa wazimamoto, na tunywe kwa upepo uliotuhurumia." Na mama yule mwenye sahani ya keki mapajani, aliyekuwa amenikatia kipande kikubwa kuliko vyote, akainua glasi yake. Alikuwa anakunywa kwa ajili ya upepo, binti. Nikashindwa kustahimili. Nikasema, "Mama, haukuwa upepo. Ni mimi niliyewasha."

Alisimama akaniuliza nani aliniambia niwashe kwenye mialoni. Nilimtazama baba yako, naye akatazama kitambaa cha meza. Kisha mama akakutazama wewe. Wewe ukainamisha kichwa, na nikamwona usoni alipojua kwamba ulijua. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. La baba yako alilipokea wima. La kwako lilimketisha.

Ningepaswa kukuandikia mapema, nikuambie umwambie wewe kwanza. Uliniomba nikusemee, nikajiona mtu mkubwa. Nilikosea.

Ile ngao ya mbao mliyotuchongea tumeiacha ukumbini. Haikuwa dharau. Nimempelekea mkuu maelezo yote, amesema sikuvunja kanuni, niliuliza mwenye ardhi nikajibiwa. Nimeendelea kujiuliza ni wangapi wameniambia "yangu" nikawasha.

Barua yako ya kwanza nimeitoa ukutani. Si kwa hasira. Nikiipita naona kama tumeiba kitu.

Germano Taveira


Tavira, 26 Novemba 2022

Benedita,

Nimerudi kwa Ermelinda. Blanketi uliloniwekea nimelikunja nikaliacha kitandani.

Baba yako amenitumia ufunguo wa ghala lake kwa dereva wa basi, na ujumbe kwamba medronho ya mwaka huu ni yangu yote, na mtungi pia. Nilimrudishia dereva yule yule, na kahawa nikampa kwa usumbufu. Abílio anadhani kuna kitu cha kupima hapa. Tulikuwa majirani tangu kabla hujazaliwa. Nilimvisha mama yako nguo za mwisho. Angenipigia simu siku ile akasema, "Zulmira, ni mialoni au nyumba ya mtoto," ningemwambia choma, na ningemwambia kwa moyo mweupe. Hilo ndilo alilonichukulia, ile nafasi ya kusema choma. Miti ni kitu kingine.

Sasa wewe.

Nilikuambia, niambie ukweli, usinihurumie. Niliandika kwa mkono wangu. Nawe ulikuwa umeshaijua kweli yote, ukaniandikia kuhusu saa za basi. Ukaniacha miezi miwili nikijilaumu, ukijua, ukaniomba tu nisiseme. Ukaniacha nipige mayai ya keki. Mtu wa mbali niliyekuwa sijawahi kumwona ndiye aliyeniambia habari za miti yangu, mbele ya kijiji kizima, glasi ikiwa juu.

Baba yako alinidanganya kwa sababu aliogopa moto. Wewe uliogopa nini? Mimi?

Nilikufundisha kusoma ili upate kusema na dunia. Sikukufundisha ili upate pa kujificha.

Bonde sitauza. Nimemwambia mtu wa mikaratusi aende zake. Usidhani ni kwa kuwa nimesamehe. Ni kwa kuwa sasa najua si mimi niliyeiua miti, na mtu ambaye hakuua hana haja ya kukimbia. Nitarudi majira ya kuchipua, nione kama kuna uliobaki hai.

Usiniandikie tena. Nimechoka na barua zako nzuri.

Zulmira Guerreiro


Vale da Moita, 2 Desemba 2022

Mama Zulmira,

Najua ulisema nisiandike. Hii si nzuri na ni ya mwisho. Nimemwomba dereva akuachie wewe mkononi, leo Ijumaa, ili kesho usishtuke.

Jana nilimwambia Baba kwa mdomo. Nilisimama jikoni, nikasema kwamba alichofanya ni kibaya, na kwamba nilichofanya mimi pia ni kibaya, na kwamba nalala kwenye nyumba hii na najua ni nini kiliungua badala yake. Sauti ilitetemeka mpaka nikaona aibu. Alizima redio, akasikiliza mpaka mwisho. Baadaye nilimsikia ng'ambo ya ukuta hajalala, naye bila shaka alinisikia mimi.

Nimempigia simu Bwana Germano pia. Alidhani kuna moto. Nimemwomba arudishe barua yangu ukutani, kwa sababu walikuja kutoka mbali wakalala juu ya mawe yetu, na hilo bado ni kweli hata kama mengine yote hayakuwa.

Umeuliza niliogopa nini. Jibu ninalo, lakini sitaliandika.

Kesho nakuja kwa basi la asubuhi. Nitagonga, na nitakuambia yote tangu ile barua ya Septemba, kwa mdomo, hata nikikwama. Usipofungua nitasema nikiwa nimesimama nje ya mlango, na majirani wa Ermelinda watasikia.

Dita